Daftari la pweza lina kila kitu, ila wazee wameniuliza "kwa hiyo?"

Shangazi shikamoo, natumai u mzima.

Mi ni binti wa miaka 26, niko kijiji kimoja cha pwani kusini ya Tanga mjini, njia ya kwenda Pangani, jina la kijiji naomba nisilitaje maana ni kadogo na watu wote watajua ni mimi. Ni katibu wa BMU yetu, kile kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi. Mama yangu, mama mdogo, na bibi alipokuwa na nguvu, wote ni watu wa pweza, bamvua likifika maji yakatoka wanashuka mwambani na vyuma vyao wanachokoa mashimo, wanarudi jioni, na ndo hela hiyo iliyonisomesha mpaka fomu foo.

Sasa tangu 2022 nimekuwa naandika kwenye daftari kila pweza anayepimwa pale kwa mnunuzi, tarehe, nani kaleta, kilo ngapi, na kama yuko chini ya nusu kilo naweka nukta pembeni. Hakuna aliyenituma, nilianza tu kwa vile nilikuwa naona mama anarudi na kikapu chepesi halafu anasema leo bahari haikutaka. Msimu wa kwanza, Oktoba mpaka Machi, walishuka wanawake 31 na jumla ikawa kilo 2,790. Msimu huu uliopita walishuka 19 tu, wengine wamehamia kwenye mwani na wengine wameolewa mbali, jumla ikawa kilo 1,140. Na zile nukta za wadogo, mwanzo kwenye kila pweza kumi walikuwa kama wawili, sasa hivi ni watano.

Nikapeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nilichotaka ni tufunge upande mmoja wa mwamba miezi mitatu, mtu asichokoe pale, halafu tufungue. Nilijiandaa jamani, niliazima laptopu ya mwalimu, nikachora grafu, nikaweka picha, nikasoma namba mstari kwa mstari karibu nusu saa nzima. Nilipomaliza mzee mmoja wa heshima sana, nahodha wa zamani, akaniuliza kwa upole tu, "Haya mwanangu, tumesikia. Kwa hiyo?" Nikasema kwa hiyo tufunge mwamba. Akasema, "Umetuambia kilo zimepungua, tumekubali. Halafu umeruka ukasema tufunge. Hapo katikati umepita wapi?" Shangazi nilikosa la kusema, nikarudia namba zilezile kwa sauti kubwa zaidi.

Basi hapo kila mtu akawa na lake. Mmoja akasema ni kaskazi, mwaka huu imepiga vibaya. Mwingine akasema ni mabomu ya zamani ya kuvulia samaki yalivunja mwamba. Mwingine akasema riziki ya bahari ni ya Mungu, leo ipo kesho haipo. Na yule nahodha akamalizia na neno lililonivunja kabisa, akasema "Hata silikanti, yule samaki wa kale, wataalamu walisema kaisha duniani, mbona hapa Tanga tumemtoa na wavu wa jarife? Asiyeonekana si kwamba hayupo." Watu wakapiga makofi, mkutano ukafungwa.

Nimelia usiku kucha. Wenzangu wanasema wazee hawawezi kumsikiliza mtoto wa kike hata alete malaika. Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Je niongeze ushahidi? Nitafute mtaalamu aje aongee yeye badala yangu? Au niachane nayo?

Ni mimi, Mwenye Daftari, Tanga

---

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi napiga hesabu zako.

Nianze na hilo la kuongeza ushahidi. Hapana, usiongeze kwanza. Una miaka mitatu ya tarehe na majina na kilo, hata ofisi nyingi hazina kitu kama hicho, ukirudi na daftari la pili nahodha atakuuliza tena "kwa hiyo?" na utalia tena. Nimefundisha midahalo sekondari miaka mingi na kosa hili ndo nililoliona kuliko yote, mtoto anamwaga ushahidi mezani kama mtu anayemwaga dagaa jamvini, halafu anasimama pembeni anasubiri dagaa waseme. Hawasemi. Namba haisemi kitu mpaka wewe useme inakupeleka wapi na kwa njia gani.

Yule mzee alikuuliza umepita wapi. Mwanangu, hilo ni swali la mtu aliyekusikiliza kweli! Angekuwa anakudharau angesema tu "ahsante, kaa." Sisemi kijijini kwenu hakuna wanaopuuza wanawake, wapo, nami nimekutana nao kwenye vikao vingi kabla hujazaliwa, lakini usimtupe huyu kwenye kapu lao kwa sababu alichokuonyesha ni tundu la kweli.

We ni mtoto wa pwani, nikuelezee kwa chombo. Upepo upo, tanga limepandishwa, na huko unakotaka kwenda unakujua. Lakini kamba yake, demani, haijafungwa. Si unajua kinachotokea? Tanga linapepea tu, linapiga kelele, chombo hakiendi, na upepo ukizidi ndo kelele zinazidi. Upepo ni ushahidi wako. Huko unakokwenda ni dai lako, kwamba mwamba ufungwe. Demani, ile kamba inayolishika tanga ili nguvu ya upepo iingie kwenye chombo, ndo ile sentensi ambayo hukuisema, ile inayoanza na "kwa sababu". Uliporudia namba kwa sauti kubwa ulikuwa unaongeza upepo kwenye tanga lisilofungwa.

Kuna mwanafalsafa wa Kiingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958 alilieleza jambo hili vizuri sana, kwamba chini ya kila hoja kuna kanuni inayokupa ruhusa ya kutoka kwenye ulichokiona kwenda kwenye unachodai, na mara nyingi haitamkwi kabisa. Lakini wazee wetu hawakumsubiri yeye. Dalili ya mvua mawingu, hii ni nini kama si hiyo kanuni yenyewe? Naona wingu, nasema itanyesha, na kinachoniruhusu kuvuka ni kwamba mawingu huleta mvua. Halafu mtu wa Tanga anajua si kila wingu, atakuuliza limetokea upande gani na ni mwezi gani, yaani anaipima kamba kabla hajaanua nguo.

Na ziko kamba mbovu pia tunazirithi hivihivi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Angalia hiyo inavyofanya kazi, ushahidi ni "watu wanasema", dai ni "kwa hiyo ni kweli", na methali ndo inakuvusha, na watu wangapi wameharibiwa ndoa na majina yao kwa kamba hiyo moja. Wanaosema walikuwepo kweli, maneno yalisemwa kweli, ushahidi hauna kasoro, kilichooza ni kile kilichowaunganisha. Ndo maana nakwambia usilinde namba zako tu, angalia kinachozifunga.

Sasa tuingie kwenye daftari.

Wewe umeruka mara mbili kwa pumzi moja. Mruko wa kwanza, kilo zimepungua, kwa hiyo pweza wanavuliwa kabla hawajakua. Mruko wa pili, wanavuliwa kabla hawajakua, kwa hiyo tufunge miezi mitatu. Hizi ni safari mbili na kila moja inataka kamba yake, mtu anaweza akakubali ya kwanza akaikataa ya pili na akawa na haki kabisa.

Kwenye ule wa kwanza, umesoma jumla. Kilo 2,790 zimekuwa 1,140, mtu akisikia hivyo anaona zaidi ya nusu imepotea, nawe nadhani ndivyo ulivyotaka waone. Ila wanawake walikuwa 31 wakawa 19. Watu wakipungua kwenye kuchokoa kilo lazima zipungue hata kama pweza wamejaa mpaka wanatembea mchangani! Jumla haiwezi kubeba dai lako kwa sababu kati ya jumla na wingi wa pweza pana kitu kingine, idadi ya waliokwenda. Sasa gawanya. 2,790 kwa 31 unapata kilo 90 kwa kila mwanamke. 1,140 kwa 19 unapata kilo 60. Kwa hiyo kilichopungua kwa mtu mmoja ni theluthi moja, si zaidi ya nusu. Najua theluthi haitishi kama nusu, lakini hii inashika, kwa sababu unaweza kusema mtu yuleyule, chuma kilekile, mwamba uleule, anarudi na kilo 60 pale alipokuwa anarudi na 90. Kabla hujaisema hakikisha jambo moja kwenye tarehe zako, kwamba msimu huu hawakushuka siku chache kuliko ule wa kwanza, maana kama walishuka siku chache basi gawanya tena kwa siku uone mtu mmoja kwa siku moja anapata ngapi. Ikitokea tofauti imeyeyuka, mwanangu, uikubali. Afadhali uione wewe chumbani kuliko aione nahodha mbele za watu.

Zile nukta za wadogo ndo kitu kizuri kuliko vyote ulivyonacho na hukuzitumia, umezitaja tu kama pambo. Kutoka wawili kwenye kumi mpaka watano kwenye kumi. Ila hapa pia usikimbie, kwa sababu namba hii ina milango miwili. Wadogo wakiongezeka inaweza kuwa wakubwa wameshachokolewa wote na sasa tunachokoa watoto. Au inaweza kuwa mwaka huu watoto wamekuja wengi tu, neema, na mwakani tutavimba kwa pweza wakubwa. Ushahidi mmoja, madai mawili yanayopingana, unaona? Utajuaje upite wapi? Hesabu vichwa, si kilo. Kama ni neema ya watoto basi idadi ya pweza kwa mtu mmoja kwa siku ingepanda, hata kama ni wadogo. Kama idadi haikupanda, au imeshuka, mlango wa neema umefungwa na umebaki ule wa kwanza. Daftari lako lina mstari kwa kila pweza, kwa hiyo jibu unalo tayari, ni kukaa usiku mmoja na kuhesabu mistari.

Kaskazi na mabomu sitayakalia sana. Kaskazi kali inawazuia watu kushuka, sawa, inapunguza siku, lakini ukilinganisha zile siku ambazo walishuka peke yake upepo hauna tena la kueleza, au limebaki dogo sana. Mabomu yaliharibu bahari ya Tanga na mzee aliyelisema hilo ana uchungu wa haki, ila mwamba uliovunjwa zamani ulikuwa umeshavunjika hata 2022. Mabomu yanaweza kueleza kwa nini sisi tunapata wachache kuliko enzi za bibi yako, hayaelezi kwa nini tunapata wachache kuliko 2022. Mwambie hivyo kwa heshima, tena mwambie yuko sahihi kuhusu bibi.

Riziki ya Mungu usibishane nayo hata kidogo. Hilo ni jambo mnaloliamini nyote, na kitu mnachokiamini nyote ndo mahali pazuri pa kufungia kamba. Si mnaijua ile hadithi ya mtu aliyeambiwa amfunge kwanza ngamia wake ndo atawakali, yaani amwachie Mungu? Huyo mzee anaijua kuliko wewe. Usimhubirie, mwulize tu kama kumwacha pweza mdogo miezi mitatu ni kuikataa riziki au ni kumfunga ngamia, halafu umwachie nafasi.

Sasa silikanti. Hapa nataka nikae, maana hili ndo lililokuvunja na mimi naona ndo linalokupa nguvu.

Nahodha alikuwa sawa kwenye historia. Mabaki ya silikanti kwenye mawe yanakomea kama miaka milioni 66 iliyopita, baada ya hapo kimya, wataalamu wakasema kaisha. Disemba 1938 akatokea kwenye samaki wa meli ya uvuvi kule Afrika Kusini, akaonwa na mama mmoja wa makumbusho ya East London anayeitwa Marjorie Courtenay-Latimer, dunia ikashangaa. Na huku kwetu Tanzania kuanzia 2003 majarife ya maji ya kina yakaanza kuwatoa, wengi, mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapahapa Tanga mwaka 2009. Yote kweli. Wale wataalamu wa zamani ushahidi wao haukuwa wa uongo, mabaki kweli hayakuonekana. Kilichokatika ni kamba, ile iliyosema asiyeonekana hayupo.

Lakini kamba hiyo ilikatika kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyekuwa anatafuta kule anakoishi. Silikanti anakaa kwenye mapango ya chini huko, mita mia na zaidi, nani alishusha wavu kule? Kutoonekana kwa mtu ambaye hukwenda kwake kumtafuta hakuthibitishi kitu. Sasa geuka kwa pweza. Mwambani kwenu mama yako anapita kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, shimo kwa shimo, mashimo anayoyajua kama vyumba vya nyumba yake. Pale, pweza asipoonekana, kutoonekana kwake kunasema kitu, kwa sababu angekuwepo angeonekana. Ni kama kusema mtoto hayuko nyumbani. Kama umechungulia dirishani tu hujasema kitu, kama umeingia kila chumba na uvunguni umesema. Maneno ni yaleyale "sikumwona", ila yamebeba uzito tofauti kabisa kwa sababu ya namna ulivyotafuta.

Halafu kuna la pili, dogo ila kubwa. Wewe husemi pweza wameisha! Nani kasema wameisha? Nahodha alijibu dai ambalo hukulitoa, na alilijibu kwa sababu hukulitaja la kwako likaeleweka, kwa hiyo akakuwekea mdomoni lile alilolizoea kusikia kutoka kwa wataalamu. Dai lako ni kwamba wapo na wanachokolewa wachanga. Hilo silikanti haligusi. Na hata akisema wamekwenda maji ya kina, jibu lako ni zile nukta, kwa nini waende wakubwa tu na wadogo wabaki? Anaweza akawa na jibu, ni mtu wa bahari yule, na kama analo msikilize, huenda anajua kitu kuhusu pweza wakubwa ambacho daftari halikijui.

Tuje kwenye mruko wa pili, kwamba kufunga kutasaidia. Hapa hukuleta hata kamba moja, ulidhani ni wazi. Si wazi. Kwa nini miezi mitatu? Kwa nini isiwe mwaka, au wiki? Jibu liko kwenye mwili wa pweza mwenyewe. Pweza anaishi kama mwaka mmoja na kitu tu, na anakua kwa kasi sana, kwa hiyo mdogo ukimwacha miezi michache anakuwa kitu kingine kabisa, wakati changu au kolekole ukimwacha miezi mitatu bado ni yuleyule karibu. Hiyo ndo "kwa sababu" yako. Inakueleza pia kwa nini usifunge miaka, maana jike akishataga anayalinda mayai yake bila kula mpaka anakufa, ukifunga muda mrefu sana hao uliowatunza wanajifia kwenye mashimo yao.

Kuna kishawishi hapa nikukataze. Utataka kusema pia "tukiwaacha watazaa na mwamba wetu utajaa." Inapendeza masikioni ila ni kamba dhaifu, kwa sababu vitoto vya pweza vikianguliwa vinaelea na mikondo wiki kadhaa kabla ya kutua, watoto wa mwamba wenu wanaweza kutua kwa wengine na wa wengine kwenu. Ukiitegemea hiyo, mwaka wa kwanza usipojaa watu watasema uliwadanganya. Simama kwenye kukua. Pweza aliyeachwa pale ndo yuleyule atakayechokolewa pale, mzito zaidi. Dai dogo ila lina kamba nzima.

Unaweza kuwaambia kwamba kusini magharibi ya Madagaska, vijiji vya Wavezo karibu na Andavadoaka, walianza kufunga sehemu za mwamba kwa ajili ya pweza mwaka 2004 na vijiji vingi vya kule vikaiga. Lakini usiishie hapo, maana mtu atasema Madagaska ni Madagaska sisi ni Tanga, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Mfano wa mbali hauvuki bahari mpaka uonyeshe kinachofanana. Kinachofanana kipo, pweza wanayemchokoa wao ni aina ileile mnayemchokoa nyinyi, na wao pia ni wanawake wengi wanatembea mwambani kwa miguu maji yakitoka. Kisichofanana nacho kitaje mwenyewe, kwa mfano kama mwamba wenu unachokolewa pia na vijiji jirani, maana kijiji kimoja kikifunga na jirani hakufunga mmemfugia yeye. Hilo ni swali nahodha atakuuliza, niamini mimi, nenda kaongee na jirani kabla ya mkutano.

Mtaalamu usimlete aongee badala yako. Mtaalamu akisema "tafiti zinaonyesha", kamba yake ni "mimi najua, niaminini", na kamba hiyo inashika tu kwa watu wanaomwamini, na wale wazee wana silikanti mfukoni. Kama yupo wa kuja basi akae pembeni ajibu maswali. Sheria pia usianze nayo. Najua kanuni za uvuvi za 2009 zinakataza pweza chini ya gramu 500, na najua wewe unajua, ndo maana nukta zako ziko hapohapo kwenye nusu kilo. Ukiisema mwanzoni kina mama watasikia kesi, akiwemo mama yako.

Badala ya hayo, uliza. Kwenye mkutano ule kuna watu wamemjua pweza miaka hamsini, wewe uliwasomea nusu saa bila kuwauliza hata neno moja. Kamba nzuri kuliko zote ni ile anayoileta msikilizaji mwenyewe, hawezi kuikata kwa kuwa ni yake. Grafu iache nyumbani. Chukua pweza wawili, mmoja wa nusu kilo na mmoja wa kilo mbili, waweke mezani.

Ukisimama useme hivi, kwa maneno yako. "Wazee wangu shikamooni. Mara ya mwisho mliniuliza nimepita wapi, nimerudi kusema nimepita wapi. Mwanamke mmoja alikuwa anapata kilo 90 kwa msimu, sasa 60, nimegawanya kwa watu ili isiwe ni kwa sababu tumepungua. Wadogo walikuwa wawili kwenye kumi, sasa watano. Nadhani tunawachokoa kabla hawajakua, ingawa inawezekana ni watoto wamekuja wengi, basi nimehesabu na vichwa, na vichwa vimekuwa hivi." Hapo utaje ulichokikuta, chochote kile. Halafu mgeukie nahodha, mwonyeshe yule mdogo mezani, umwulize, "Mzee, huyu ningemwacha shimoni bamvua sita, leo angekuwa na uzito gani?"

Ukishauliza, kaa chini. Usimjibie, hata akinyamaza muda mrefu.

Shangazi yako